Ukuta wa Vyombo vya Watu

Alikozaliwa Fundi sikujui, na ukoo wake ni wa watu wa mlimani, huko Meru, ambao siwezi kukutajia hata mmoja. Ninachokijua ni kelele zake. Nyumba yake na yangu hapa Kiwanjani zinagawana ukuta mmoja wa mawe, na kwa miaka yote ya ujirani wetu jua halikunikuta kitandani kwa hiari yangu. Muadhini alikuwa hajashuka, na mtu wa upande wa pili alikuwa ameshaanza kukwaruza, kukata na kuburuta. Nilizoea kumwambia mume wangu kwamba adhana inaniamsha na Fundi anahakikisha silali tena.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi wamejaa Isiolo, wa baiskeli, wa simu, wa nguo, lakini katika mtaa wetu ukisema Fundi bila kuongeza neno kila mtu anajua ni yupi. Alikuwa mekanika wa idara moja ya serikali mpaka alipostaafu, akajenga nyumba ya mawe na ubavuni mwake gereji kubwa yenye milango miwili ya mabati. Gari hakuwa nalo wala hakulitafuta. Mkewe alikaa shambani kwao akiangalia ng'ombe na viazi, akashuka mara chache kuja kumfulia mapazia na kumgombeza, kisha akapanda tena.

Alikuwa mtu asiyekaa. Nasema hivyo nikimaanisha kukaa kwenyewe, kwa makalio na kiti. Chai alikunywa amesimama mlangoni. Ukimpa kiti alikipindua kwanza aone miguu yake imeungwa vipi, na kabla hujamaliza kumwaga chai alikuwa ameondoka nacho kwenda kukikaza. Mkewe alinisimulia kwa uchungu kwamba siku moja kanisani alitoka katikati ya mahubiri kwa sababu benchi lilikuwa linacheza, akarudi na bisibisi, akapiga magoti, na waumini wa nyuma wakadhani ameguswa na neno.

Akiingia nyumbani kwa mtu, mdomo ulisalimu lakini macho yalikuwa juu.

"Habari ya hapa, jirani," aliniambia siku ya kwanza kabisa kuingia jikoni kwangu. "Naona huku juu ya mlango kunakaa bure."

Sikumwelewa. Niliishi na mlango ule miaka na sikuwahi kufikiri kwamba juu yake kuna kitu. Wiki haikuisha nikakuta rafu pale, sikuiomba, na chini ya rafu kulabu za kutundikia sufuria. Mume wangu, ambaye Mungu hakumnyima urefu, alijigonga kichwa akiwa na sahani ya wali mkononi, akasema huyu Mmeru anatuua polepole. Lakini rafu ile mpaka leo ndiyo inayobeba nusu ya jikoni yangu.

"Sakafu ni ya miguu," alikuwa akisema. "Vyombo ni vya ukuta." Akimaliza ukuta anaangalia dari. Kwake hewa tupu ilikuwa mali inayoharibika, na alihuzunika kuiona, kama mimi ninavyohuzunika kuona maziwa yakimwagika.

Sasa nikueleze alichokitaka, maana alitaka kitu kimoja tu. Baada ya kustaafu alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu, akitengeneza pampu za maji na mashine za kusagia posho. Barabara ilipopanuliwa vibanda vikaondolewa, naye akahamishia kazi nyumbani. Kazi ya namna ile haifanyiki chini. Inataka meza nzito iliyosimama mahali penye mwanga, na juu yake jiliwa, ile taya ya chuma inayobana kitu kisichezecheze. Jiliwa lake lilikuwepo, kubwa kama kichwa cha ndama, limelala barazani chini ya gunia. Meza alikuwa ameshaiunda. Nafasi ya kuiweka ndiyo iliyokosekana, katika gereji ambayo lori dogo lingeingia. Bila meza alipiga magoti sakafuni na pampu ya mtu mapajani, na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Alijua, na sisi tulijua, kwamba asipopata nafasi ile kazi itamwacha, na mtu kama yeye kazi ikimwacha sijui angebaki na nini.

Gereji ilijaa vyombo vya watu.

Huku kwetu mafundi wengi ni wafugaji pia. Mtu anachimba visima, anatengeneza pampu, anajenga matangi, lakini mvua ikinyesha vizuri na majani yakaota anakumbuka ng'ombe wake, anarudi kwao Garbatulla au mbele zaidi. Vyombo vya chuma havibebeki safari ile, na ukiviacha chumba cha kupanga unarudi unakuta kamba tu. Basi mmoja alimwachia Fundi sanduku. Wa pili akasikia. Baadaye ikawa desturi: mvua ikianza, wanaume wanasimama mlangoni kwa Fundi na magunia mabegani, Waborana, Wasomali, Waturkana, mjenzi wa Gotu, wote wakimwamini Mmeru mmoja kuliko ndugu zao wa tumbo moja. Wenyewe kwa wenyewe hawakuwa na salamu. Chuma chao kililala nyumba moja.

Alikuwa hachukui hata ndururu. "Amana hailipiwi," alisema. Tena amana haitumiki. Siku moja msumeno wake ulivunjika meno akiwa katikati ya ubao, na ukutani palikuwa na misumeno ya kutosha kukata msitu. Akavaa kofia, akatembea mpaka mjini katika jua la saa saba kununua mwingine, akarudi uso umemwiva. Nilimcheka. Hakuona cha kuchekesha.

Kwa hiyo mawingu yalipokusanyika upande wa milima ya Nyambene, sisi wengine tulitoa mitungi nje tukashukuru. Yeye alishukuru pia, kisha akaingia gereji na futi kupima ukuta.

Nimewahi kuona watu wakitengeneza nafasi, lakini si kama yule. Migongo ya milango aliipa misumeno. Juu, kati ya mbao za paa, alilaza mabomba na nondo ndefu. Chini ya kila rafu alikaza vifuniko vya chupa za jemu, na chupa zenyewe zikaning'inia humo, unaizungusha kidogo inakuja mkononi na misumari yake ndani. Mitungi ya mafuta ya kupikia aliikata ubavu ikawa droo, zinateleza juu ya vipande vya mbao. Mipira ya ndani ya magurudumu aliichana mikanda, akaivuta kati ya misumari, spana zikashikwa humo bila kudondoka. Alitengeneza hata kitanda cha mbao kinachopanda darini kwa kamba na gurudumu, kimebeba vyuma vya pampu, unakishusha unapotaka. Kuta zilipokwisha, akaongeza kuta. Alikata mbao pana akazitia bawaba, zikasimama ukutani moja juu ya nyingine, unazifungua upande huu na upande huu unapotafuta kitu, na ukuta mmoja ukawa ndani yake una tatu.

Na kila alipopata nafasi ya meza, mvua ikanyesha.

Mimi ni mtu wa kusema, nilimwambia. Maana jambo lenyewe lilikuwa wazi hata kwa mtu wa kuuza vitabu vya shule kama mimi. Hakupanga vyombo kwa aina. Alivipanga kwa watu. Kila mwenye amana alikuwa na sehemu yake ukutani, na juu ya sehemu hiyo Fundi alichora kwa rangi chapa ya mifugo ya mtu huyo, ile ile anayomchoma nayo ngamia au ng'ombe wake. Asiye na mifugo alichorewa kitu chake, tofali au birika. Chini ya chapa vilikaa vya mtu huyo tu: nyundo yake, koleo lake, kamba yake, hata kofia aliyosahau. Ungeona nyundo hapa, nyundo pale, nyundo kule, kila moja imekaa peke yake katika eneo la kulaza mtoto.

"Fundi," nikamwambia, "hizi nyundo zote si uziweke mahali pamoja? Meza yako ingeingia leo hii."

"Hizo si nyundo, jirani. Hii ni ya yule wa visima. Ile ni ya mjenzi wa Gotu."

"Ni nyundo."

"Wewe ukienda lojing Nairobi, utakubali kulazwa na mtu humjui, ati kwa sababu nyote ni wanawake?"

Nikajaribu mlango mwingine, nikamwuliza kwa nini basi asichore chapa kwenye chombo chenyewe, akavichanganya bila hofu.

"Chapa inachomwa na mwenye ng'ombe," akasema. "Mimi nalisha tu. Nikianza kuchorachora kwa chombo cha mtu, si nimeanza kukiona changu?"

Usidhani alikuwa malaika. Vyombo vyake mwenyewe alivionea uchoyo wa kutisha. Alikuwa na nyundo, koleo, patasi na spana chache nzito, vyote na mipini aliyoichonga kwa mgunga au kuivisha ngozi ya mkanda, imelainika kwa jasho la miaka. Ukija kumwomba nyundo hakukupa. Aliibeba mwenyewe akaja nayo kwako, akasimama juu ya kichwa chako mpaka umalize, akikurekebisha. "Yangu haitembei peke yake," alisema. Na mtu huyu aliyejua mahali pa kila msumari wa mgeni alikuwa hajui viatu vyake viko wapi; nimemwona akienda kanisani na kandambili. Alihubiri subira kwa watoto wangu na hakuweza kusubiri maji yachemke. Alinichosha. Nilimpenda pia, afadhali niliseme hapa, kwa sababu mbele nitasikika nimekasirika tu.

Nilimwuliza kuhusu wale wasiorudi. Walikuwepo, na walizidi. Kuna aliyehamia mbali, kuna ambaye mifugo yake ilimnyookea akaacha chuma, kuna wengine hatukusikia tena.

"Huyu wa chapa hii amepotea," nilisema siku moja nikionyesha.

"Hajapotea. Hajarudi tu."

Binti yake wa pekee ndiye aliyegombana naye kwa hilo. Yuko Nairobi, ana kazi nzuri ya ofisi, mtoto mwenye adabu na kichwa kigumu cha baba yake. Kila alipokuja alimkuta mzee amepiga magoti sakafuni, na alilia kwangu jikoni kisha akaenda kupigana.

"Baba, hawa watu hawarudi. Uza hizi vitu, ama uwapee vijana wa polytechnic."

"Nikiuza, na akirudi?"

"Na asiporudi?"

"Basi itakuwa sijauza."

Alitoka pale akaja jikoni kwangu. Nilimpa maji. "Wanamfukuza kwa nyumba yake, mama," aliniambia. "Watu hata hawako."

Kisha ugonjwa wa ngiri ukamwangusha Fundi, na hakuna aliyeshangaa, kwa vyuma alivyovipandisha darini. Alipasuliwa hospitali huko Meru, na baadaye mkewe akamweka shambani kwa nguvu mpaka kidonda kikauke. Gereji ikanyamaza. Wakati huo binti akachukua likizo, akaja.

Alifanya kazi kama mwana wa baba yake kweli. Alimkodi kibarua, wakashusha kila kitu uani, wakakwangua mbao, wakapaka ukuta rangi nyeupe. Kisha akapanga. Nyundo na nyundo, kutoka kubwa hadi ndogo. Koleo na koleo. Spana zikajipanga kama wanafunzi wa gwaride. Nyuma ya kila chombo alichora kivuli chake kwa rangi nyeusi, ukikitoa unajua kinarudi wapi. Na nafasi ikatokea, nyingi, ya kuchezea watoto. Meza ikaingia chini ya dirisha. Jiliwa likatolewa barazani, likapigwa mafuta, likakazwa. Vyombo vya Fundi mwenyewe, ambavyo binti alivijua kwa mipini yake, alivitundika kando ya dirisha, pale mkono wa mtu aliyesimama mezani unapofika. Nilipoingia nilisema mashallah, na niliisema kwa moyo.

"Na wenyewe wakija?" nilimwuliza.

"Kila mtu anajua chombo chake, mama. Ataonyesha."

Lilionekana neno la maana. Hata leo siwezi kusema lilikuwa neno baya, ila halikuwa la mtaa huu.

Fundi alirudi mchana, amekonda, amejishika tumbo. Binti alimfungulia milango yote miwili. Mzee akasimama katikati, pale ambapo zamani hapakuwa na katikati. Alitazama kuta. Akaenda kwenye jiliwa, akauzungusha mkono wake, taya ikafunguka na kufunga bila kelele.

"Umefanya kazi," akasema. "Asante, mama." Halafu akauliza, taratibu sana, "Zile chapa?"

"Tulipaka rangi, Baba. Mbao zilikuwa chafu."

Akaomba kiti. Kililetwa, na hakukipindua. Alikaa. Binti aliniangalia kwa furaha, akidhani baba yake hatimaye amepumzika, naye akaondoka kesho yake na moyo mweupe, kwa sababu mzee hakumwambia kitu.

Siku zilizofuata ningepaswa kufurahi, maana nililala mpaka jua likapanda. Sikufurahi. Nilikuwa naamka saa ile ile na kusikiliza. Ukuta ulikuwa kimya, na ukimya wenyewe ulinipa wasiwasi kuliko kelele. Baadaye kazi ilianza kumjia, pampu mbili tatu, akazitengeneza amesimama mezani kama alivyoota. Lakini nilipopitia kumsalimu nilimkuta mara nyingi ameshika koleo la mtu, analigeuza kwenye mwanga, analirudisha kwenye kivuli chake, anashika jingine. Kulikuwa na aliyoyajua kwa kutu yake au mkunjo wake. Mengine yalimtazama tu.

"Kila siku zinafanana zaidi," aliniambia.

Ndipo siku moja, baada ya sala ya alasiri, akaniita kupitia ukutani. "Jirani, kuja kidogo. Nina mgeni mwanamke." Mkewe alikuwa shambani, na kwake haikuwa heshima kukaa na mke wa mtu peke yake. Nikatia chai kwenye chupa nikaenda.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mwenzangu Mborana, buibui lake limejaa vumbi la njia ya Garbatulla. Alitoa salamu, nikaitikia, tukaulizana nagaa, yaani amani ya nyumba na ya mifugo. Kisha akamgeukia Fundi.

"Mimi ni bibi ya yule wa mapampu."

"Yule mrefu," Fundi akasema, na uso wake ukafunguka. "Yuko aje?"

"Alituacha."

Fundi akavua kofia. Nikamwomba Mungu amrehemu marehemu. Mama yule hakulia. Yaelekea alikuwa amemaliza hayo nyumbani.

"Aliniambia nikimaliza eda nikuje kwa Fundi, Kiwanjani," akasema. "Akasema vitu yake iko kwa ukuta, hapo kando ya dirisha. Hata kama umekaa miaka, iko hapo hapo. Shemeji yangu ndiye atafanya kazi nayo sasa. Watoto wako shule."

Na ni kweli, vya marehemu vilikaa kando ya dirisha, chini ya chapa yake, kabla ya rangi nyeupe. Sasa pale palikuwa na vya Fundi. Nilimtazama Fundi, naye alikuwa amesimama tu na kofia yake kifuani. Kabla mtu hajasema neno, mama yule alikuwa ameshafika dirishani. Hakuvitazama vya kuta nyingine hata kidogo. Kwa nini avitazame, na mumewe alimwambia mahali?

Akaitoa nyundo. Akaupitisha mkono kwenye mpini, pole pole, mpaka dole gumba lake likaingia kwenye kibonyeo kilichochimbwa na miaka ya dole gumba jingine.

"Hapa," akasema. "Alikuwa anashika hapa."

Akalia, basi. Alilia kimya, kichwa ukutani, nyundo imekumbatiwa. Mimi nilijua kidole kile ni cha nani. Nilikuwa nimekiona kikishika pale juu ya kichwa changu miaka mingi. Nikafungua mdomo. Fundi akatikisa kichwa, mara moja tu, nami nikaufunga.

Alichukua gunia safi. Akashusha mwenyewe kila kitu kilichokuwa kando ya dirisha: koleo, patasi, spana zenye ngozi, moja moja, akizipangusa kwa kitambaa kabla ya kuziingiza. Akafunga gunia kwa mkanda wa mpira, fundo la kwanza na la pili, akalijaribu kama linabebeka. Alimsindikiza mpaka barabarani, akambebea mzigo mwenyewe ingawa tumbo lake lilikuwa limepasuliwa.

"Mungu akuweke, Fundi," mama alimwambia wakati wa kuagana. "Hujapoteza hata kimoja."

Tulirudi wote gereji. Nilikuwa nimekasirika. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia, ni neno moja tu, hizi ni zangu, za mzee wako tutazitafuta.

"Nimwambie nini? Ati amana ya bwana yake nimechanganya kama githeri?" Hakupandisha sauti. "Na nikimwambia, nimpatie gani?" Akazungusha mkono kwenye kuta zote zile nyeupe, kwenye nyundo zilizopangana kwa ukubwa, na koleo, na spana. "Za bwana yake ziko humu, jirani. Ziko humu ndani. Sijui ni gani."

Chai ilikuwa bado kwenye chupa. Hakuna aliyeinywa.

Yaliyobaki ni machache. Kiangazi kilianza, na kiangazi ndicho kinachorudisha mafundi mjini. Mfugaji akiona nyasi zimeisha anakumbuka pampu. Ilikuwa suala la muda tu, watu waanze kusimama mlangoni wakiuliza sehemu zao. Asubuhi moja kelele zikarudi upande wa pili, kukwaruza na kuburuta, nikasema alhamdulillahi nikiwa kitandani. Sikudumu kushukuru. Fundi alikuwa mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Jirani, nisaidie nyundo."

Mtu ambaye hakuwahi kukopa hata kijiko. Mtu mwenye nyundo nyingi kuliko duka lolote la mjini. Nikaenda chini ya kitanda, nikatoa ile yetu ya kugongea misumari ya mapambo ya Idi, mpini umelegea, nikampa.

Jioni, kabla ya magharibi, nikapita kuona anafanya nini. Alikuwa amezitoa uani mbao zake za zamani, zile za bawaba, anazirudisha. Rangi nyeupe ameikwangua vipande vipande na kuchora chapa upya kutoka kichwani. Chini ya chapa moja paliwekwa sepeto. Chini ya nyingine, kamba na koleo. Nyingi hazikuwa na kitu. Vile alivyokuwa hana hakika navyo alivilaza mezani, na meza yote ilijaa, mpaka juu ya jiliwa, hapakuwa na pa kuweka kikombe. Pampu ya mtu ilikuwa chini sakafuni, na pembeni yake gunia lililokunjwa, la kupigia magoti.

Alinionyesha sehemu kando ya dirisha. Chapa ya marehemu ilikuwa imechorwa vizuri kuliko zote, na chini yake patupu.

Akaipangusa nyundo yangu, akanirudishia. Alikuwa ameukaza mpini.

"Kaa nayo, Fundi," nikamwambia. "Si kazi bado haijaisha? Mimi sina haja nayo. Nimekupa."

Akaitazama. Akatazama meza, na kuta, na vyombo vyote vile vilivyolala mezani vikimsubiri, kisha akaniwekea nyundo mkononi na kunifunga vidole juu yake, kama unavyompa mtoto senti za dukani.

"Ukiiacha hapa," akasema, "kesho nitaijuaje?"

Nikaichukua, nikarudi nayo nyumbani.